Kitabu kilikushinda wapi?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni muuguzi hapa Mwanza, mzaliwa wa Ukerewe. Tuko watu saba tunaokutana kila Jumapili ya mwisho wa mwezi nyumbani kwa mwenzetu Nyakato, na kila mtu anaeleza kitabu alichosoma mwezi huo. Tunasoma vitu tofauti: upelelezi, mapenzi, ushairi, maisha ya viongozi, hata hadithi za kwenye simu. Zamu yangu ikifika nasema "kizuri" au "sikukipenda", basi, maneno yananiishia. Mwezi uliopita nilisoma Rosa Mistika ya Kezilahabi. Nilipofika mwisho nilikuwa na hasira, nikakitupa kitabu kitandani. Siku ya kikao niliona aibu kusema hivyo, maana mwandishi ni wa kwetu na kila mtu anamsifu. Mwenzetu mmoja ni mwalimu wa sekondari, anasema tunachofanya si uhakiki, ni porojo. Je, mtu ambaye hakusomea fasihi anaweza kutoa maoni ya maana kuhusu kitabu? Na ni lazima nikimalize ndipo nikisemee?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na imenipa furaha. Watu saba wanaokaa pamoja Jumapili kuzungumza vitabu bila mtihani wowote mbele yao ni jambo nililolitamani miaka yote niliyofundisha fasihi hapa Mwanza.

Ndiyo, unaweza. Na nadhani kinachokukwamisha ni kidogo kuliko unavyofikiri. Mtu akisema kwenye kikao chenu kwamba kitabu kimemchosha, bila shaka swali linalofuata ni "kwa nini?" Jaribuni kuliacha hilo kwa muda. Muulizeni kilimchosha wapi. Ukimwuliza mtu kwa nini, atatafuta sababu ya kuwaridhisha wasikilizaji, na ataiokota popote: kwenye madaftari ya kidato cha nne, kwenye jalada la nyuma, kwenye maneno ya aliyezungumza kabla yake. Ukimwuliza wapi, hana njia ila kurudi kitabuni. Atafunua kurasa, ataguna kidogo, kisha atasema, "Hapa, walipoanza safari," na atawasomea mistari miwili mitatu. Kuanzia hapo nyote saba mna kitu kimoja cha kukitazama, na hata asiyekisoma kitabu anaweza kuchangia.

Wewe unalijua hili kuliko mimi. Mgonjwa akifika kwenye dirisha lako na kusema "naumwa", huanzi kumwuliza kwa nini anaumwa. Unamwuliza wapi, tangu lini, panachoma au panakaza. Sababu inakuja baadaye, na mara nyingi inakuja yenyewe. "Sikukipenda" ni "naumwa" ya msomaji. Ni kweli tupu, wala hakuna wa kukubishia, ila bado hatujajua tukushike wapi.

Basi tuanze na hasira yako. Kwa ajili ya wasomaji wengine niseme kwamba Rosa Mistika ni riwaya ya kwanza ya Euphrase Kezilahabi, aliyezaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944 na kufariki Januari 2020. Ilitoka 1971. Rosa ni binti wa Zakaria na Regina. Baba ni mlevi, na anamlinda binti yake kwa fimbo; barua moja tu kutoka kwa mvulana inamletea Rosa kipigo kikali. Anapopata nafasi ya kusoma shule ya wasichana hapa Mwanza, na baadaye chuo cha ualimu, anatoka ghafla kwenye macho ya baba bila kuwa amefundishwa kujitazama mwenyewe. Maisha yanamwendea mrama mpaka anajiua.

Sasa, hasira ilikushika wapi? Kama ilikushika pale kwenye kipigo cha barua, basi ulimkasirikia Zakaria, na kitabu kilikuwa kinafanya kazi yake barabara. Unaweza kusimama mbele ya wenzako na kusema: "Kitabu hiki kilinitia hasira na baba, nikashindwa kulala." Hayo ni maoni, tena ni sifa kubwa kwa mwandishi, hata kama ulikitupa kitabu kitandani. Lakini unasema hasira ilikuja mwishoni. Hapo jambo ni jingine. Huenda ulikuwa unamwuliza mwandishi kwa nini msichana ndiye alipe deni la nyumba nzima. Waliomharibu ni wengi, na mzigo wa kufa unawekwa kichwani kwake. Hilo ni shauri dhidi ya mwandishi, na ni shauri zito. Mtu anaweza kukujibu kwamba Kezilahabi alitaka wazazi wafunge kitabu wakiwa na aibu, na kwamba kifo chepesi kingewaacha wazazi hao walale vizuri. Wewe unaweza kumjibu kwamba msichana wa miaka 16 anayesoma kitabu hichohicho anaweza kujifunza kutoka kwake kwamba aliyekosea hana pa kurudi. Mkifika hapo mnazungumza jambo lenye uzito, na hakuna aliyehitaji shahada.

Kuna uwezekano wa tatu, nao usiudharau. Inawezekana unaijua nyumba kama ile ya Zakaria. Umekulia Ukerewe, umewaona. Kama hasira ilitoka huko, iseme pia ukitaka, lakini iseme kwa jina lake: "Ukurasa huu ulinikumbusha mtu." Wasikilizaji wako watajua kipi ni cha kitabu na kipi ni chako. Msomaji mzuri ni yule anayejua kuvitenganisha viwili hivyo, na anaweza kuwa muuguzi, dereva au profesa.

Na aibu ya kumsema mwandishi wa nyumbani, naomba uiweke kando kabisa. Rosa Mistika haikuanza maisha yake kwa kusifiwa. Iliwahi kupigwa marufuku shuleni, na ni baadaye sana ndipo ilipoingia kwenye orodha ya vitabu vinavyosomwa darasani. Kezilahabi mwenyewe hakuogopa kubishana. Mwaka 1974 alitoa Kichomi, diwani ya mashairi yasiyofuata vina na mizani, na washairi wa jadi wakamjia juu, wakisema yale si mashairi ya Kiswahili hata kidogo. Mgogoro ule uliendelea miaka mingi. Mtu aliyesimama kwenye upepo wa namna hiyo hawezi kudhurika kwa sababu muuguzi wa kisiwani kwake amesema mwisho wa riwaya ulimwudhi. Kinachomdhuru mwandishi ni kusifiwa na watu ambao hawakumsoma. Ndivyo ilivyo pia kwa vitabu vipya vilivyoshinda Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayotolewa tangu 2023. Tuzo inakuambia kwamba majaji walikipenda kitabu. Wewe bado hujasema lako.

Hapa lazima niseme jambo kuhusu shule, na nalisema kwa uchungu kwa sababu nilikuwa mmoja wa waliolifanya. Tumewafundisha watoto kusoma riwaya kwa orodha: fani na maudhui, chini ya fani mtindo, muundo, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha, chini ya maudhui dhamira, migogoro, ujumbe, falsafa na msimamo wa mwandishi. Orodha hiyo ina kazi yake. Inamsaidia mwanafunzi asisahau kutazama pembe fulani za kitabu. Lakini imewaachia watu wazima ugonjwa wa kuamini kwamba kila kitabu ni lazima "kifundishe kwamba", na asiyeona funzo hajasoma. Nimekutana na watu wenye akili nyingi, wafanyabiashara, mafundi, mama zetu, ambao ukiwauliza walionaje riwaya waliyosoma juzi wanakaa wima kama wako mbele ya msahihishaji na kuanza: "Kitabu hiki kinatufundisha kwamba tamaa ni mbaya." Kumbe walicheka peke yao ukurasa wa 40, na walilia karibu na mwisho, na hayo hawayataji. Kwa hiyo usipoijua falsafa ya mwandishi usijali. Niambie ulicheka wapi.

Mwenzenu mwalimu ana haki katika jambo moja. Maoni ya msomaji na uhakiki ni kazi mbili. Mhakiki anadaiwa vitu ambavyo wewe hudaiwi. Anatakiwa ajue kitabu kilitanguliwa na vitabu gani, kiliandikwa wakati gani, lugha yake imetoka wapi, wengine wamesema nini. Wewe unadaiwa kimoja tu: usiseme uongo kuhusu kilichokupata ulipokuwa unasoma. Ila namwomba asiite porojo. Porojo ni maneno yasiyo na pa kushikwa. Msomaji anayesema "ukurasa wa 112 nilianza kuruka aya" ametoa ushahidi, na mhakiki mwaminifu ataupokea, kwa sababu yeye mwenyewe amelipwa kusoma mpaka mwisho na hawezi tena kujua ni wapi mtu aliyechoka na kazi anakiweka kitabu chini.

Sasa niingie kwenye aina za vitabu, maana naona ndipo kikao chenu kinapogombana bila kujua. Ukienda soko la samaki la Mwaloni Kirumba utakuta sangara wanapimwa kwa kilo na dagaa kwa ndoo. Hakuna anayesema ndoo ni kipimo cha kitoto. Kila aina ya kitabu inamwahidi msomaji kitu chake, na maoni ya haki huanza kwa kuuliza kama ahadi hiyo ilitimizwa.

Upelelezi unakuahidi kwamba hutaweza kukiweka chini, na kwamba ukidanganywa utadanganywa kwa haki. Hata ndani ya aina hii moja vipimo ni viwili. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, aliyeanza na Mzimu wa Watu wa Kale mwaka 1960, anakaa na kiko chake na kufikiri. Kwake yeye uliza: dalili zote nilipewa? Nikirudi nyuma nitaziona, au mwandishi alificha karata mfukoni? Willy Gamba wa Elvis Musiba ni mtu wa mwendo na bastola. Katika Kufa na Kupona anatafuta nyaraka za siri za wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika zilizoibwa, na ukimpima kwa kiko cha Bwana Msa utamwonea. Kwake uliza kama hatari uliiamini, na ni ukurasa gani mapigo ya moyo yalitulia wakati hayakupaswa kutulia. Adabu moja tu: kwenye kikao usitaje muuaji. Sema ulimshuku nani na ulianza kumshuku wapi, kisha unyamaze.

Kitabu kinachoonewa kuliko vyote kwenye vikao vya wasomaji wa kawaida, nimeliona hili mara nyingi, ni kile cha Aniceti Kitereza, mzee wa kisiwani kwenu. Jina lake refu linaanza na Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka. Watu wanakiazima kwa heshima na kukirudisha baada ya wiki. "Mwalimu, mbona hakuna kinachotokea?" Na ukiwauliza wapi, wote wanakuonyesha kurasa zilezile: mtu analima, mtu anavua, pombe ya ndizi inatengenezwa hatua kwa hatua, mgeni anakaribishwa kwa salamu zinazochukua nusu ukurasa.

Sasa sikia kitabu hiki kilikotoka. Kitereza alizaliwa 1896. Alikiandika kwa Kikerewe na kukimaliza 1945, kwa sababu aliona mila za Wakerewe zinapotea na alitaka wajukuu wazikute mahali. Hakupata mchapaji. Ilibidi yeye mwenyewe akitafsiri kwa Kiswahili, na kikachapwa 1980. Mwaka uliofuata akafariki, bila kukishika mkononi kikiwa kitabu. Miaka 35 baina ya kalamu na mashine! Kila nikilifikiri hilo moyo unanisokota.

Kisa chenyewe kinaanza na ndoa isiyo na mtoto. Wazazi wa Bugonoka wanamchukua binti yao, na Myombekere anatakiwa kulipa faini ya pombe ya ndizi ili amrudishe mkewe. Msomaji aliyezoea Willy Gamba anataka pombe iwe tayari kwenye sentensi inayofuata. Kitereza anataka uone inavyotengenezwa, kwa sababu bila kuuona ugumu wa kazi ile huwezi kujua Myombekere anampenda mkewe kiasi gani. Ahadi ya kitabu hiki ni kukaa. Ukisema "ni cha polepole", umesema kweli, lakini umeeleza mwendo wake tu. Maoni yanaanza unapotuambia ni wapi upolepole ule ulikulipa na ni wapi haukukulipa. Mimi mwenyewe nakiri kuna sehemu za salamu ambazo hazijawahi kunilipa, na nimekisoma kitabu mara nne.

Lakini kuna wasomaji wanaozijua kurasa hizo kuliko mimi. Zamani nilikuwa na mwanafunzi, mtoto wa mvuvi, ambaye kwenye vipindi vya fasihi alikaa nyuma na hakufungua mdomo. Siku tuliyosoma sehemu ya uvuvi alinyoosha mkono. Alitueleza dakika kumi nzima kipi kwenye maelezo yale babu yake bado alikuwa anakifanya vilevile, kipi kimebadilika tangu nyavu za dukani zije, na kwa nini neno fulani mwandishi amelichagua vizuri. Mimi mwalimu niliandika maneno yake kwenye daftari langu. Hakuna kitabu cha uhakiki kingenipa kile.

Sijui kama kwenye watu saba wenu yupo wa Mwaloni. Kama yupo, mpeni Kitereza, na mpeni siku za mbalamwezi, wavuvi wa dagaa wanapopumzisha karabai zao na biashara inapopoa. Na wewe chukua sehemu za ugonjwa na uganga, za wazazi wanaohangaika kutafuta mtoto. Unakutana na wanawake wa namna hiyo kazini. Utaona vitu ambavyo mwenzenu mwalimu hawezi kuviona, na yeye atakuonyesha vya kwake. Kila mtu anasoma akiwa na kazi yake mkononi, na msomaji wa kawaida anakosea anapoiacha kazi hiyo mlangoni ili aonekane msomi.

Ushairi nitausema kwa ufupi. Msilete diwani nzima kikaoni. Leteni shairi moja. Lisomwe kwa sauti mara mbili, na watu wawili tofauti. Kama ni la jadi, hesabuni mizani kwa vidole, nane kwa nane, halafu tafuteni pale mshairi alipobana neno ili litoshe. Hapo ndipo utakapojua kama ni fundi. Kama ni huru, kama yale ya Kichomi, tafuteni pale mstari unapokatika na mwulizane kama pumzi yenu nayo ilikatika hapo.

Wasifu wa viongozi unahitaji swali la kinyume: wapi hapaonekani? Mzee Ali Hassan Mwinyi alitoa kumbukumbu zake, Mzee Rukhsa, mwaka 2021, na wengine wametangulia na wengine watafuata. Ukisoma maisha ya kiongozi, andika kwanza kwenye karatasi mambo matatu unayoyakumbuka wewe ya wakati wake, kisha uyatafute. Mtu wa Mwanza akifungua wasifu wa yeyote aliyekuwa madarakani 1996 ataitafuta Mei 21, siku MV Bukoba ilipozama. Urefu wa ukurasa atakaoukuta, au kutoukuta, ni sehemu ya maoni yake, na ana haki nayo kwa sababu huenda kuna jina la mtu wake kwenye ile orodha ya waliokufa.

Tafsiri ni suala gumu zaidi, kwa sababu unaowasikia ni watu wawili. Riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobeli ya Fasihi 2021, ile ya kijana Yusuf anayechukuliwa kwa deni la baba yake, ilitoka kwa Kiswahili 2022 kwa jina la Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis. Ukikwama mahali, usikimbilie kumlaumu mmoja. Soma mazungumzo kwa sauti. Kama wahusika wanaongea kama watu wa pwani wanavyoongea na bado umekwama, kinachokukwamisha labda ni hadithi. Kama ulimi wenyewe unajikwaa kila sentensi, labda ni tafsiri. Nasema "labda" kwa makusudi, na wewe pia liseme neno hilo kikaoni bila woga. Msomaji anayesema "labda" mahali pake anaaminika zaidi.

Vitabu vya kujiendeleza vina kipimo rahisi: ulifanya nini baada ya kukisoma, na baada ya wiki tatu bado unakifanya? Kama jibu ni hakuna, sema hivyo.

Hadithi za kwenye simu umezitaja kama mtu anayeomba radhi, na sitaki uombe radhi. Hadithi inayotumwa sehemu kwa sehemu ina ugumu wake: kila sehemu ni lazima imfanye mtu aisubiri inayofuata. Kwa hiyo mwulizeni anayezisoma: ni sehemu ya ngapi ulipoacha kusubiri? Mara nyingi kuna mahali ambapo mwandishi alikuwa amemaliza kisa chake na akaendelea kwa sababu watu walikuwa bado wanasoma. Kupapata mahali hapo ni usomaji makini kabisa. Ninachowasihi ni kimoja. Zinapouzwa, nunueni. Na riwaya zilizopigwa picha ukurasa kwa ukurasa na kusambazwa kwenye makundi ya simu, msizipokee. Mwandishi wa Kiswahili anaishi kwa nakala chache, na kila faili la namna hiyo linampunguzia sababu ya kuandika kitabu kingine. Maktaba ya Mkoa ipo hapa mjini, na kuazima ni halali.

Umeuliza kama ni lazima umalize kitabu. Si lazima. Uliyeacha ukurasa wa 60 una haki ya kusema habari za kurasa 60, ilimradi useme wazi kwamba uliacha hapo. Usichoweza kufanya ni kukisemea kitabu kizima, wala kusema mwisho wake ni mbaya kwa kuwa mtu alikusimulia. Na weka alama pale ulipoacha, kipande cha karatasi chenye tarehe. Mimi nina vitabu kadhaa vyenye karatasi za namna hiyo. Kimoja nilikiacha nikiwa kijana wa miaka 24, nikakichukua tena baada ya kumzika baba yangu, na ukurasa ulionishinda zamani ndio uliokuwa unanisubiri. Vingine nilivirudia, vikanishinda palepale, na sasa nina uhakika zaidi na maoni yangu.

Kwa kikao chenu kijacho, fanya hivi. Usisome Rosa Mistika upya yote. Soma sehemu mbili tu: pale Zakaria anapoipata barua, na kurasa za mwisho zilizokufanya ukitupe kitabu. Zisome siku mbili tofauti, usiku ukiwa umetulia, penseli mkononi. Weka mstari chini ya sentensi ambayo hasira inaanzia. Ikiwa safari hii hasira haikuja, hilo nalo uliandike. Jumapili, zamu yako ikifika, waombe radhi wenzako kwamba mwezi uliopita hukusema ulichokuwa nacho moyoni, fungua kitabu kwenye ile sentensi, isome kwa sauti, kisha mkabidhi mwalimu kitabu na umwulize yeye kilimshika wapi.